Kidonge cha Rangi ya Dhahabu

Watu wa kwao walimwita Mpika Chumvi, na hawakuwa wamekosea sana. Shamimu alikuwa fundi wa maabara katika chuo kimoja mjini Morogoro, na kazi yake kubwa ilikuwa kuyeyusha chumvi. Si chumvi ya mezani. Hii ilikuja katika mapipa ya plastiki yaliyozungushiwa utepe mdomoni, na ukisahau pipa wazi wakati wa masika, mchana unalikuta limekunywa unyevu wa hewani mpaka chumvi imekuwa maji. Ilibidi aikaushe kwanza, taratibu, kama mtu anayebembeleza homa ya mtoto ishuke. Baada ya hapo aliitia kwenye tanuri, nayo ikayeyuka, ikawa angavu kama maji ya chemchemi, ila yenye wekundu wa kaa la moto.

Ndani ya chumvi hiyo alining'iniza vidonge. Vilikuwa vyeupe, ukubwa wa vile vya kutuliza maumivu, vimekandamizwa kutoka unga uleule unaotiwa kwenye rangi za ukutani ili ziwe nyeupe. Unga huo una titaniamu, metali nyepesi, ngumu, isiyoshika kutu, ambayo madaktari wa mifupa huitumia kuungia watu miguu iliyovunjika. Lakini titaniamu imeshikamana na oksijeni, na kuwatenganisha wawili hao si kazi ya moto peke yake. Umeme ukipitishwa kwenye chumvi iliyoyeyuka, oksijeni hujitoa kwenye kidonge kidogo kidogo, ikasafiri ndani ya chumvi hadi kwenye kijiti cha kaboni, ikatoka juu kama moshi usioonekana. Kinachobaki kwenye kidonge, kazi ikienda vizuri, ni metali yenyewe.

Kazi ilikuwa haijaenda vizuri. Miaka yote aliyokuwa hapo maabara, vidonge vilitoka vya kijivu kwa nje na vyeusi kwa ndani, kama muhogo uliooza moyo. Daktari Victor, mkuu wa utafiti huo, hakukata tamaa. Shamimu naye alipenda ile kazi kwa namna ambayo hakuweza kumweleza mtu. Alipenda kimya cha tanuri. Alipenda kungoja. Ila akipanda kwao milimani, juu kabisa ya Bigwa, binamu zake walimuuliza swali moja tu, na binamu yake Yusuph ndiye aliyelipenda zaidi: "Dada, hiyo chumvi yako inaiva lini tutie kwenye mboga?" Wakacheka. Naye akacheka nao, kisha usiku akalala amegeukia ukuta.

Mtu mmoja tu hakucheka. Huyo alikuwa mjomba wake Salehe, kaka wa mama yake. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye anayesimama mbele yako watu wakikuuliza wewe ni nani. Mzee Salehe alipenda maneno, alipenda kanzu iliyopigwa pasi, na alipenda kusema "mpwa wangu wa maabara" hata pale ambapo hapakuwa na haja. Siku moja Shamimu alimwambia kwamba ule mchanga mweusi unaometameta kwenye kona ya kijito cha Mlulu, chini ya migunda yao, yale mashamba ya ukoo, huenda una titaniamu kidogo ndani yake. Alisema "huenda". Mzee Salehe hakulisikia neno hilo. Wiki iliyofuata alishuka mlima kwa miguu, kofia kichwani, mkononi chupa ya asali iliyojaa mchanga mweusi. Daktari Victor alimpokea kwa heshima, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akaiweka ile chupa juu ya kabati la maabara.

"Mzee wangu, huu tutaufikia," alisema.

Hawakuufikia. Mchanga ule ulikuwa na chuma kingi, na ilibidi kwanza chuma hicho kitolewe kwa mitambo ambayo chuo hakikuwa nayo. Chupa ikabaki juu ya kabati, mfuniko wake ukaota vumbi. Kila mzee Salehe alipouliza, Shamimu alijibu, "Tuko njiani, mjomba." Na mzee alikwenda msikitini akawaambia wenzake kwamba mchanga wa Mlulu uko njiani.

Masika ya mwaka huo bibi yake Shamimu alifariki, mama wa mzee Salehe na ndugu zake wote. Baada ya maziko mzee Salehe akawa ndiye mkubwa wa ukoo. Na ilikuwa katika siku zile za kungoja arobaini ndipo Shamimu alipofanya jambo lake.

Ilikuwa Ijumaa alasiri. Vidonge viwili vilikuwa vimeshainuliwa kutoka kwenye chumvi, vinaning'inia juu yake ndani ya tanuri lililozimwa, katika gesi ya kukinga ambayo kazi yake ni kuizuia hewa isiviguse mpaka vipoe. Kulikuwa na sheria moja, na yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha wanafunzi: mfuniko haufunguliwi mpaka uweze kulaza kiganja juu yake na kukiacha hapo. Alilaza kiganja, akakitoa haraka. Bado. Lakini kesho yake asubuhi alikuwa apande kwao kupanga mambo ya arobaini, na Yusuph angekuwepo, na alitaka, mara moja tu, kufika na kitu mkononi. Alivaa glavu akafungua.

Vidonge vikatoka na rangi ya dhahabu.

Alijua palepale. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote, kwamba hakuwa hata na kisingizio cha kutojua. Hewa ya Morogoro ilikuwa imeingia ikavikuta vikiwa moto, ikavivisha ngozi nyembamba kuliko ganda la ndani la kitunguu, na ngozi hiyo ndiyo iliyokuwa inang'aa. Ile rangi ilikuwa alama ya kazi iliyoharibika. Akaviosha vikatoa chumvi, akavikausha, akavitazama kwenye mwanga wa dirishani. Vilikuwa vizuri mno. Kimoja alikiweka kwenye sahani ya Daktari Victor. Cha pili alikifunga kwenye leso.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, Mpika Chumvi wangu." Mzee Salehe alikuwa barazani anashona mkoba. "Haya, leo imeiva?"

Shamimu akafungua leso. Mzee hakukigusa. Aliweka sindano chini, akainama, uso wake ukakaribia kile kidonge mpaka pumzi yake ikatikisa ncha ya leso.

"Nasra!" aliita. "Nasra, acha hicho chungu uje!"

Mama mdogo Nasra, ndugu wa mwisho wa mama yake Shamimu, alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye kanga. Akashika kifua.

"Ndio mchanga wetu huu?" mzee Salehe aliuliza. "Mpwa wangu, ndio huu? Ule wa kwenye chupa?"

Jibu lilikuwa neno moja fupi, hapana. Shamimu alilipata mdomoni, akalisikia lilivyo. Kisha akamwona Yusuph amesimama mlangoni, safari hii hacheki.

"Mambo ya tanuri ni marefu, mjomba," alisema.

"Marefu, eeh. Marefu kweli!" Mzee alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Bibi yako angekiona hiki. Niachie basi. Niachie nikae nacho mpaka arobaini."

Akamwachia.

Jumatatu Daktari Victor alikikata kile kidonge cha kwenye sahani yake kwa msumeno mdogo. Ndani kilikuwa cheusi tii. Aligeuza nusu mbili kwenye kiganja.

"Hewa imeingia. Nani alifungua mfuniko?"

"Labda ile raba ya mfuniko imechoka, Daktari," alisema Shamimu.

"Inawezekana. Pole, ni kosa langu, nilipaswa kuagiza nyingine zamani."

Akamshukuru kwa kulitambua tatizo. Shamimu akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Siku ya arobaini alipanda mapema. Njia ya kwao hupita kati ya migomba, halafu inakatiza Mlulu kwenye mawe, na ukivuka tu unaiona migunda ya Nasra, magimbi yamejipanga kando ya maji, majani yake mapana kama masikio ya tembo. Asubuhi hiyo hayakuwepo. Kulikuwa na udongo mbichi uliofukuliwa na majani yamepangwa lundo, yameanza kunyauka. Shamimu alifikiri nguruwe pori wamepita. Lakini nguruwe hapangi majani.

Alimkuta Nasra kwenye mafiga, amezungukwa na wanawake, sufuria mbili kubwa mbele yake. Moja ilikuwa ya pilau. Ya pili ilikuwa ya magimbi, nayo yalikuwa madogo, mengine hayajafika hata ngumi ya mtoto.

"Mama mdogo, mbona magimbi machanga hivi?"

"Nimeyawahi," alisema Nasra kwa furaha. "Hatibu anakuja wiki hii na vijana wake na mashine ya kuvuta maji, waanze kuchimba pale kwenye kona. Nikasema kuliko yakanyagwe, bora wageni wa mama wayale."

"Hatibu gani?"

"Yule wa Msamvu, wa mashine. Mjomba wako alimfuata mwenyewe, akamwonyesha. Na pilau hili ni mchele wake, kaleta gunia zima la sadaka. Mtu mwema sana. Ukoo unakaa leo baada ya khitma kutoa neno la mwisho, lakini mimi nimeshasema. Ule mgunda mama alinipa mimi. Kama ni kwa kazi ya mwanangu, nang'oa."

Shamimu alichukua gimbi moja, akalitia mdomoni ili asijibu. Lilikuwa na maji mengi, na liliacha mwasho kwenye koo. Akalimeza lote.

Alitaka kumwona mjomba peke yake. Haikuwezekana. Mzee Salehe alikuwa anapokea watu, kanzu nyeupe, mkono mmoja mfukoni, na kila aliyekuja alitolewa kile kidonge kwenye leso akaonyeshwa, kikarudishwa. Alipomwona Shamimu alimwita kwa sauti mbele ya wote: "Mpwa wangu wa maabara huyo!" Watu wakasogea kumpisha. Wazee waliokuwa na haki ya kuamkiwa wakamwamkia wao kwanza. Alihisi uso unamwaka kama amesimama juu ya tanuri.

Khitma ikasomwa, chakula kikaliwa, vyombo vikatolewa. Ukoo ukabaki kwenye mikeka chini ya turubai, na pamoja nao mtani wao.

Msiba wa Waluguru bila mtani haujakamilika. Mtani wa ukoo huu alikuwa mwalimu Bonifasi, Mnyamwezi aliyeletwa kufundisha shule ya kijiji zamani, akastaafu, asirudi kwao Tabora. Siku ya maziko aliingia kaburini akalala, akakataa kutoka mpaka apewe kuku. Sasa alikuwa amekaa upenuni akitafuna tangawizi, anangoja nafasi. Mzee Salehe alipotoa leso na kukiweka kidonge katikati ya mkeka, Bonifasi akaruka, akakinyakua.

"Cha msibani ni cha mtani!"

Vifijo vikapigwa.

"Rudisha, mbeba mizigo wewe!" Nasra alimpigia kelele. "Au umezoea kubeba vya watu tangu enzi za babu zako?"

"Babu zangu walibeba pembe mpaka pwani wakarudi. Nyinyi Waluguru mnashindwa hata kutembea tambarare. Mkifika mjini mnanyanyua magoti mnadhani lami nayo ina mlima!" Bonifasi alikishika kidonge juu. "Sikitoi. Leo hii naoa mke wa pili kwa hiki."

"Nani atakutaka na meno hayo?"

"Dhahabu haiangaliwi meno, shemeji." Akamgeukia Shamimu. "Wewe msomi. Nitakirudisha kwa sharti. Niambie kimetoka wapi hasa, nikachote na mimi."

Watu wakanyamaza, wanatabasamu. Shamimu aliona mlango umefunguka. Alishukuru, kwa sababu alidhani katika utani neno zito linaweza kupita likiwa jepesi.

"Hakikutoka Mlulu, mwalimu," alisema. "Kimetoka kwenye unga mweupe wa dukani, ule wa rangi za nyumba. Na hiyo siyo dhahabu, wala siyo titaniamu. Ni uchafu wa hewa. Niliharibu kazi."

Kisha turubai zima likalipuka kwa kicheko. Nasra alijiangusha kwenye bega la jirani yake. Yusuph alijipiga mapaja kwa viganja.

"Umeshikwa, Mnyamwezi!" alipaza sauti mzee Salehe, amefurahi kupita kiasi. "Unadhani Mluguru atamwonyesha mtani shimo lake? Kachote unga wa dukani, kachote!"

"Binti ana akili huyu," alisema mzee mwingine. "Anajua kuficha mali."

Shamimu alisimama katikati ya kicheko kile. Alikuwa amesema kweli yote, kila neno, na kweli ile ilikuwa imeichimba kona ya Mlulu kina zaidi. Sasa hapakuwa na aliyebaki na shaka, hata wale waliokuwa nayo. Angeweza kukaa. Hilo lilimjia waziwazi, na lilikuwa na utamu. Angeweza kukaa, na baadaye mtu akimuuliza, angesema, lakini mimi niliwaambia.

Akamtazama Nasra, aliyekuwa anajifuta machozi ya kicheko kwa mkono wenye udongo wa magimbi kwenye kucha.

"Mwalimu," alisema. Ikabidi arudie. "Mwalimu Bonifasi. Nakuomba uweke utani chini."

Bonifasi alikuwa ameshafungua mdomo kujibu. Alimwangalia usoni, akaufunga. Ni jambo ambalo haliombwi hivi hivi, na mtani hana budi kujua linapoombwa kweli. Akatema tangawizi, akavua kofia, akakiweka kidonge kwenye kiganja cha Shamimu kwa mikono miwili.

"Jamani," aliwaambia watu, sauti yake ikiwa ya darasani. "Utani umekaa chini. Msikilizeni mtoto."

Shamimu aliinama akachukua jiwe la kusagia pilipili lililokuwa pembeni ya mafiga. Akakiweka kidonge kwenye bamba lake, akagonga. Hakikuwa na ubishi wa metali. Kilipasuka kama kipande cha udongo mkavu, na alipogonga mara nyingine kikawa vumbi jeusi, na ile dhahabu ikabaki vipande vichache juu ya vumbi, vyembamba kama magamba ya dagaa.

Akalibeba lile bamba kwa mikono miwili, akapita nalo mbele ya kila mtu, na alipofika kwa mjomba wake akapiga magoti.

"Nilifungua tanuri kabla halijapoa ili nije na kitu cha kuwaonyesha," alisema. "Hewa ikakipaka rangi. Ndani ndivyo kilivyo. Uliponiuliza kama ni mchanga wetu, nilipaswa kusema hapana. Sikusema."

Mzee Salehe alilitazama vumbi. Mkono wake uliingia mfukoni, ukaikuta leso tupu, ukabaki humo.

"Na mchanga wangu?" aliuliza.

"Upo kwenye chupa. Juu ya kabati."

"Umeguswa?"

"Haujaguswa, mjomba."

"Tangu niulete."

"Tangu uulete."

Halafu Yusuph, si kwa nguvu, alisema, "Kumbe kweli ilikuwa chumvi," na hakuna aliyecheka, hata yeye. Shangazi mmoja akaanza kukunja mkeka. Mzee Salehe akatafuta viatu vyake kwa mguu, akavikosa, akavitafuta tena, akavivaa, akaenda zake kuchota maji ya udhu ingawa alasiri ilikuwa bado.

Shamimu alimkuta Nasra kijitoni. Alikuwa ameshapiga magoti kwenye udongo, anachagua vichwa vya magimbi kutoka kwenye lile lundo la majani. Gimbi likikatwa, kichwa chake chenye shina kikirudishwa ardhini huota tena. Ndivyo walivyofanya siku zote. Lakini magimbi haya yalikuwa machanga, na vichwa vyake vyembamba.

"Yatashika?" Shamimu aliuliza.

"Mengine." Nasra hakuinua uso. "Vua hilo baibui, utalichafua."

Akalivua akalitundika kwenye mgomba, akaingia matopeni na gauni lake la msiba. Walipanda mstari kwa mstari. Shamimu alingoja atukanwe, na Nasra hakumtukana. Mara moja tu, alipokuwa anashindilia udongo, mama yule alisema kama anayejisemea: "Nilisema mama angefurahi. Kila mtu nilimwambia hivyo." Kisha akamkabidhi kichwa kingine cha gimbi akipande.

Jua lilikuwa limeshaegemea mlima mzee Salehe alipokuja akasimama upande wa pili wa maji. Alikuwa amevua kanzu, amebaki na shati la shamba.

"Kesho nakwenda Msamvu kwa Hatibu," alisema.

"Niache niende mimi, mjomba."

"Ulimi uliomwambia ni wangu."

"Basi twende wote."

Asubuhi mzee Salehe alipotoka, Shamimu alikuwa anamngoja njiani, na mzee alimpita bila kumzuia. Walishuka hivyo mpaka Bigwa, yeye mbele, Shamimu nyuma, kama zamani alipokuwa akimpeleka shule. Wakati ule alikuwa akigeuka kila kona kumtazama.

Duka la Hatibu lilikuwa jirani na stendi, limejaa pampu na mipira ya maji iliyoviringishwa. Hatibu mwenyewe, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu, alitoka na viti.

"Karibu mzee wangu! Vijana wapo tayari, nilikuwa nangoja neno la ukoo tu."

Mzee Salehe hakukaa.

"Neno ni kwamba hakuna kuchimba," alisema. "Kile nilichokuonyesha hakikuwa kitu. Macho yangu yamezeeka, bwana Hatibu. Niliona mng'ao nikaukimbilia. Mpwa wangu alinieleza vizuri tangu mwanzo, mimi sikuelewa. Unisamehe. Na ule mchele umeshaliwa, sina namna ya kuurudisha."

Alisema yote hayo ameinua kidevu, sauti yake ileile ya kutangazia msikitini. Hakutazama nyuma. Shamimu alielewa kwamba mzee alikuwa ameyapanga maneno hayo njia nzima, tangu mlimani, mgongo wake ukiwa mbele ya Shamimu. Kwamba hata sasa alikuwa anafanya kazi ya mjomba, kusimama mbele ya watu na kumfunika. Kule kijijini wangejua. Lakini hapa mjini, ambako yeye Shamimu anapita kila siku kwenda mtaa wa Mafiga alikopanga chumba, angepita akiwa msafi.

"Mchele ni wa marehemu, haurudi," Hatibu alikuwa anasema kwa upole. "Na macho, mzee wangu, sote tunazeeka."

"Siyo macho yake," alisema Shamimu.

Mzee Salehe aligeuka ghafla. "Wewe nyamaza."

"Shikamoo, mzee Hatibu. Siyo macho yake. Aliona sawasawa. Aliniuliza nami nikamdanganya. Mimi ndiye wa maabara."

Basi lilipiga honi stendi, likapiga tena. Hatibu alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Kisha kwa adabu akageukia kwenye pampu zake, akajifanya anatafuta kitu, ili wawili wale wasitazamwe.

Shamimu alikuwa ameinamisha kichwa. Aliona viatu vya mjomba wake, vumbi jekundu la mlimani limeganda kwenye visigino, na vikabaki palepale kwa muda. Alidhani vitaondoka. Badala yake vikasogea kando, vikampisha nafasi, mpaka wakawa wamesimama sambamba, bega kwa bega, mbele ya duka la watu.

"Chupa yangu," alisema mzee Salehe, akitazama barabara, "ina vumbi?"

"Ina vumbi, mjomba."

"Twende tukaifute."

Wakaondoka kuelekea chuoni. Daktari Victor angekuwa ameshafika, na mezani kwake kulikuwa na raba mpya ya mfuniko, bado kwenye mfuko wake, ambayo hapakuwa na sababu ya kuinunua. Na hilo nalo lilikuwa linamngoja Shamimu.